Mradi Mpya, Kumbukumbu Kongwe

Mradi wowote unaoletwa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, huanza na baraza. Hema hupigwa, viti vya plastiki hupangwa, chifu hufungua kikao, kisha mgeni kutoka ofisini hutandaza ramani ya rangi: hapa barabara, hapa vyoo, hapa nyumba za ghorofa. Vijana huuliza kama kutakuwa na kazi. Wapangaji huuliza kodi itakuwa pesa ngapi. Wazee nao huuliza swali ambalo ramani haina jibu lake: ule mradi uliotangulia uliishia wapi?

Wataalamu wengi hulipita swali hilo haraka ili warudi kwenye ajenda, na hapo ndipo wanapojikwaa. Mpango haufiki Kibera ukakuta uwanja mtupu. Unakuta watu walioahidiwa, wakahesabiwa, wakahamishwa, kisha wakaahidiwa upya, na kila mmoja anayo hesabu yake kichwani. Hesabu hiyo ndiyo huamua nani atahama kwa hiari, nani atakwenda kortini, na nani atapokea ufunguo wa nyumba mpya kisha aipangishe kwa mtu mwingine. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hayo mengi yaliyoonekana hayajatengewa shilingi hata moja katika bajeti za miradi.

Kibali cha askari

Hesabu ya Kibera huanzia kwa askari. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwaandika katika utumishi wa Waingereza askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki nyuma ya Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Ekwatoria, karibu na Ziwa Albert. Wao na watoto wao wakawa sehemu ya jeshi la King's African Rifles. Walipomaliza utumishi hawakuwa na kijiji cha kurudi, maana safari iliyowaleta ilikuwa imekwisha kula maisha ya vizazi viwili. Jeshi likawapa nafasi Kibera, eneo la msitu na malisho pembeni mwa mji mchanga wa reli. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa hifadhi ya jeshi, na askari mstaafu akawa anapewa kibali cha kujenga na kulima humo.

Wazao wa askari hao ndio Wanubi, na waliozaliwa kati ya vita viwili vya dunia ndio mashahidi wa Kibera ambayo kijana wa leo wa kijiji cha Gatwekera hawezi kuiwazia. Husimulia habari za mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, nyumba pana za udongo zilizoachiana nafasi, na haboba, yaani bibi, akisuka kawa za rangi barazani. Husimulia kijiji cha Laini Saba wakati milio iliyosikika huko ilikuwa ya askari wakijifunza kulenga shabaha.

Tatizo lilikuwa ndani ya kibali chenyewe. Kwa askari yalikuwa malipo ya utumishi wake. Kwa serikali ilikuwa ruhusa inayoweza kufutwa asubuhi yoyote. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi usimamizi wa Kibera kwa serikali ya kiraia. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, katika ripoti yake ya 1934, iliona kwamba Wanubi walikaa pale kwa hisani ya Mfalme tu. Tume hiyohiyo ikakiri pia kwamba serikali ilikuwa na wajibu, ama wa kuwarudisha walikotoka ama wa kuwatafutia makao. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ndiyo iliyokumbukwa maofisini. Ya pili ndiyo iliyokumbukwa Makina, kwa Wanubi.

Wanubi walisubiri mpaka Juni 2017 ndipo wakakabidhiwa hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: ni takribani ekari moja katika kila kumi na tano zilizotangazwa 1918. Serikali iliichukua siku ile kuwa siku ya kufunga jambo. Mzee aliyekulia kwenye shamba la mahindi pale panaposimama mtaa mwingine leo alikuwa na haki ya kufurahi na kununa kwa wakati mmoja.

Mtaa juu ya mtaa

Uhuru ulipokuja, Nairobi ilihitaji nyumba, na Kibera ilikuwa ardhi ya serikali iliyo karibu na mjini. Tangu miaka ya 1960 mitaa ya kisasa ikaanza kuchipuka mmoja baada ya mwingine: Jamhuri, Fort Jesus, Salama, Ayany, Olympic. Kwa kipimo cha wajenzi, miradi hiyo ilifaulu. Nyumba zilikuwa imara, maji yalifika, na waliopangishwa au kuuziwa walilipa. Baadhi ya familia za Kinubi zilipata nyumba humo. Wengine waliokuwa wakiishi na kulima mahali hapo walisogezwa bondeni, kwenye mabanda yaleyale ambayo serikali ilikuwa ikisema inataka kuyaondoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakasimama maghorofa ya Nyayo Highrise, ubavuni mwa kijiji cha Soweto East. Watu wa mabandani walikuwa wameelezwa kwamba mradi ule unawahusu. Walioishia kuingia wengi wao walikuwa watu wenye mishahara ya mwezi. Hakuna aliyehitaji kusoma ripoti kuhusu jambo hilo, kwa sababu ukisimama mlangoni Soweto East unayaona madirisha yao. Kila unapofanyika mkutano wa nyumba Kibera, lazima mtu aitaje Highrise, na mwenye ramani asiyejua kisa hicho hubaki akishangaa kwa nini ukumbi mzima umeguna.

Wakati huohuo, huko mabondeni kulikuwa na ujenzi wa namna nyingine. Mtu aliyetaka kusimamisha banda alimwona chifu na wazee wa kijiji, akatoa kitu kidogo, akapata ruhusa ya mdomo. Hapakuwa na hati wala risiti. Wenye mabanda wengi hawakuishi Kibera; walikuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi au walimtuma mtu. Wapangaji walitoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii, wakifuata kazi za viwandani Industrial Area na za mjengo. Mwishoni mwa 2001 Rais Daniel arap Moi na Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, walitamka hadharani kwamba kodi zipunguzwe. Wapangaji walilipokea neno hilo kuwa amri, wenye mabanda wakalipokea kuwa wizi, na Desemba ikaingia na vurugu za mauaji, nyumba kuteketezwa na watu kukimbia. Neno la mkutano wa hadhara lilikuwa limegeuka mradi, lakini mradi usio na mtekelezaji.

Tangu hapo mtu anaweza kuona kwamba Kibera ina kumbukumbu tatu zinazokaa kwenye ploti moja. Mnubi anakumbuka ardhi. Mwenye banda anakumbuka mbao, mabati na kile kitu kidogo alichompa chifu. Mpangaji anakumbuka kodi aliyoilipa miaka ishirini chini ya paa linalovuja. Kila mmoja anaamini kwamba nyumba mpya, ikija, ni haki yake. Mradi unaomsikiliza mmoja huwaamsha wawili waliobaki.

Mlango mmoja, familia tatu

Mradi mkubwa kuliko yote wa kizazi hiki, ule wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda unaojulikana kama KENSUP, ulikutana na kumbukumbu zote tatu kwa mpigo. Makubaliano kati ya serikali na UN-Habitat yalitiwa saini 2003, mwaka wa kwanza wa Rais Mwai Kibaki, wakati matumaini yalikuwa juu nchi nzima. Mpango wenyewe ulieleweka. Soweto East igawanywe katika kanda. Watu wa Kanda A wahamie kwa muda kwenye maghorofa mapya yaliyojengwa Lang'ata, karibu na gereza la wanawake. Mabanda yao yabomolewe, nyumba za kudumu zijengwe palepale, nao warudi. Kisha Kanda B, na kuendelea.

Lang'ata pakajengwa majumba 17 ya ghorofa tano, yenye nyumba 600. Septemba 2009 malori yakaanza kuwahamisha watu, Waziri Mkuu Raila Odinga akiwapo, na wengine wakapaita Kanaani. Lakini nyumba 600 hazikutosha kaya zilizokuwa zimehesabiwa, ambazo zilikuwa kama 1,200. Kwa hiyo nyumba moja yenye vyumba vitatu ikapewa familia mbili au tatu, kila familia na chumba chake, jiko na choo vikawa vya wote.

Ingia mlango mmoja wa namna hiyo saa moja jioni. Sebule hakuna: kila chumba ni nyumba ya mtu, na pazia limening'inia mlangoni. Jikoni pana jiko la mafuta taa la Mama huyu na karai la Mama yule. Sufuria zinafungiwa chumbani zisichanganyike. Anayetangulia kutoka kazini ndiye anayetangulia kupika, na mwenye kuchelewa hukaa kitandani akisikiliza mafuta ya mwenzake yakichemka. Bili ya stima nayo huzua hesabu. Mwenye friji na mwenye balbu moja walipe sawa? Familia ya watu wanane ilipe maji sawa na mjane na mjukuu wake? Jumamosi choo kinaoshwa na nani? Hayo yote hayakuwamo kwenye mchoro wa mhandisi. Watu waliyatatua wenyewe, kwa zamu zilizoandikwa kwa kalamu ukutani, na pale yaliposhindikana kutatuliwa, waligombana.

Kodi ilikuwa shilingi 1,000 kwa chumba, chini sana ya bei ya Lang'ata. Haikupita muda, baadhi ya waliohamishwa wakavipangisha vyumba vyao kwa watu wa nje kwa bei ya soko na kurudi kuishi bondeni. Maafisa waliita hiyo hila. Mtu aliyewafahamu watu wale angeitabiri. Mwanamke anayechoma samaki au kukaanga mandazi Soweto ana wateja wanaompitia alfajiri mlangoni pake. Ghorofa ya nne hapiti mteja. Fundi wa mkono hupata habari za kazi akiwa kijiweni. Chumba cha Lang'ata kilimpa mtu pa kulala na kumtenga na pa kutafutia riziki, kwa hiyo alifanya kile ambacho mwenye mali yoyote hufanya: aliigeuza ikawa pato. Na aliyekumbuka Highrise alikuwa na sababu ya pili. Kama kawaida nyumba nzuri huishia kwa wenye pesa, afadhali yeye mwenyewe awe ndiye aliyezipokea hizo pesa.

Wenye mabanda nao walikuwa wamekwenda kortini kupinga ubomoaji wa Kanda A. Kesi ikasimamisha kazi. Ujenzi ulianza 2012, na Julai 2016 Rais Uhuru Kenyatta akazifungua nyumba 822. Mtoto aliyehamia Lang'ata akiwa darasa la kwanza alikuwa sasa darasa la nane. Makao yaliyoitwa ya muda yalikuwa yamemlea. Nyumba zile mpya hazikutolewa bure. Mtu alitakiwa kuweka akiba kupitia chama cha ushirika wa nyumba, alipe kianzio, kisha amalizie kwa miaka mingi. Kwa mwenye kibarua cha leo kipo kesho hakipo, kulipa kwa tarehe moja kila mwezi ni jambo gumu kuliko ukubwa wa deni lenyewe. Hata hivyo wapo waliolipa na wanaishi humo, na si haki kuusimulia mradi huo kana kwamba ulikuwa picha ya ukutani tu. Nyumba zipo. Kinachobishaniwa ni nani yumo ndani yake.

Majina yaliyosomwa kando ya reli

Linganisha na kilichotokea kando ya reli iendayo Kisumu, inayopita katikati ya Kibera hadi watu huuza sukuma wiki na mitumba juu ya mataruma na kuvuta bidhaa zao pembeni honi ikilia. Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa notisi kwamba waliojenga ndani ya mita 30 za reli, Kibera na Mukuru, waondoke. Mwaka huohuo, Februari, kijiji kilichoitwa Raila kilikuwa kimebomolewa kupisha barabara, kwa hiyo hakuna aliyeichukulia notisi kwa mzaha.

Safari hii mambo yalikwenda njia nyingine. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa 1996, pamoja na Pamoja Trust, walishinikiza mazungumzo. Maafisa wa reli walipelekwa Mumbai, India, kujionea jinsi waliokuwa wakiishi kandokando ya reli walivyohamishwa kwa kushirikishwa. Benki ya Dunia, ambayo fedha zake zilikuwa kwenye mpango wa reli, ilikuwa na kanuni kwamba mtu hahamishwi bila kutafutiwa pa kwenda. Ikaamuliwa wakazi wahesabiwe, na wahesabuji wawe wakazi wenyewe.

Njia ya kuhesabu ndiyo iliyobeba uzito. Kila mlango ulichorwa namba. Katika namba hiyo waliandikwa wote watatu: mwenye banda, mpangaji, na mwenye biashara. Kisha orodha ikarudishwa kwa watu ili ihakikiwe mbele ya majirani. Jina la mgeni aliyejipenyeza likitajwa, jirani alijua. Jina la mwenyeji likiachwa, jirani alilalamika. Mahali pasipo na hati wala risiti, kumbukumbu ya jirani ndiyo sajili pekee iliyopo, na hapa, kwa mara hiyo moja, sajili hiyo ilitumiwa.

Mradi ule haukukosa dosari. Ulichukua zaidi ya miaka kumi, vyumba vilivyojengwa ni vidogo, na manung'uniko hayakukosekana. Katikati ya safari, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hiyohiyo na Uganda nzima ikahisi upungufu wa mafuta. Lakini mwishowe nyumba na vibanda vya biashara vilijengwa palepale kandokando ya reli nyuma ya ukuta, na watu wakasogea mwendo wa hatua badala ya kutupwa nje ya jiji. Aliyekuwa na wateja alibaki nao.

Kisha likaja somo la kinyume. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kulikuwa kumezungumzwa habari za kuwahesabu watakaoathirika na kuwapangia pa kuhamia, na shughuli ya kuwahesabu ilikuwa imeanza. Mashine hazikuingoja iishe. Amnesty International ilikadiria kwamba watu kama 30,000 walipoteza makazi, na shule zilianguka pamoja na nyumba. Barabara leo inapitika, na anayeendesha gari juu yake hufika haraka. Lakini mafundisho ya siku ile yalienea Kibera yote: kuhesabiwa si kinga. Mradi wowote utakaofuata na daftari mkononi utalipa gharama ya asubuhi hiyo.

Kawangware, kwenye hati

Ukivuka Ngong Road, ukapita Dagoretti Corner na kuingia Naivasha Road, unafika Kawangware, na historia inabadilika kabisa hata kama mabati yanafanana. Hapa hapakuwa hifadhi ya jeshi. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu, Kiambu, iliyopakana na mashamba ya Wazungu. Jirani yake, palipo Lavington sasa, wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya St. Austin mwaka 1899 na kupanda kahawa. Wazee wa Kawangware walikulia kwenye mpaka huo: usiku kwao, mchana katika jikoni au bustani ya Mzungu.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, watu wa Kiambu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, na katika miaka hiyohiyo ardhi ikaunganishwa, ikapimwa na kusajiliwa. Zoezi hilo lilikuwa na uchungu wake. Waliokuwa kizuizini au msituni hawakuwapo kunyoosha kidole na kusema mpaka wangu ni huu, na wengine walirudi wakakuta wamepoteza. Lakini waliobaki walibaki na hati. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Dagoretti ikaingizwa jijini, na wakulima wakajikuta ni wenye ardhi ya mjini bila kuhama hata hatua.

Kwa hiyo Kawangware haikuletewa mradi mkubwa wa kuhamisha watu. Kila mwenye ploti alikuwa mradi wake mwenyewe. Alianza kwa kujenga safu ya vyumba vya futi kumi kwa kumi, vya udongo, mbao au mabati, vikitazamana na ua wenye bomba moja na choo kimoja. Wapangaji wakafuata matatu ya 46, wengi kutoka Magharibi mwa Kenya, kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi Lavington na Kileleshwa. Shosho, yaani bibi, akiuza robo ekari kulipa karo, aliyenunua alijenga mpaka kwenye mpaka. Wana wakigawana urithi, ploti moja ikawa nne. Siku hizi mabati yanang'olewa na maghorofa yanapanda, kila moja kwa mkopo wake na mfukoni mwa mtu wake.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya Kibera ni hati tu. Kawangware inawajibu kwa vitendo. Hati imejenga nyumba nyingi na kwa kasi, hilo halina ubishi, na mwenye nyumba hahofii tingatinga kama wa Kibera. Lakini hakuna mwenye ploti aliyeacha mita tatu kwa ajili ya barabara ya lori la taka au gari la wazimamoto. Ukilitafuta eneo la shule mpya au uwanja wa mpira, utaambiwa lina mwenyewe. Mabomba ya majitaka hayakuifikia kasi ya maghorofa, na wauza maji wa mikokoteni bado wanasukuma mitungi ya lita ishirini katikati ya majengo yenye vigae. Na mpangaji wa chumba cha mabati huambiwa kwa mdomo kwamba mwisho wa mwezi ahame, jengo linabomolewa. Hakuna baraza, hakuna kadi ya kuhesabiwa, hakuna Lang'ata ya kusubiria. Mabadiliko ambayo Kibera hupiganiwa miaka kumi kortini, Kawangware hupita kimya, chumba kwa chumba, na gharama yake hubebwa na yuleyule asiye na hati.

Vyoo, maji, na waliobaki na ufunguo

Miradi midogo nayo ina mashahidi wake. Bwawa la Nairobi, kusini mwa Kibera, lilijengwa 1953 kuwa hifadhi ya maji ya jiji. Waliokuwa watoto miaka ya 1960 wanakumbuka mashua za matanga za Wazungu na samaki waliovuliwa kwa ndoana. Mto uliolilisha ulipita kwenye mabonde ambayo hakuna mamlaka iliyowahi kuyawekea mabomba ya majitaka, na miaka ya 1990 gugumaji likalifunika. Bwawa halikufa kwa kosa la wahandisi wake. Liliuawa na mradi mwingine ambao haukufanyika juu ya mto.

Katika mabonde hayo ndiko kulikoenea choo cha kuruka: mfuko wa plastiki usiku, ukatupwa kwenye mtaro au paa la jirani. Mashirika mengi yalikuja na majibu. Umande Trust ilijenga vyoo vya pamoja vinavyotengeneza gesi ya kupikia, kama lile jengo la TOSHA huko Gatwekera, ambavyo huendeshwa na vikundi vya wakazi na kuwaingizia mapato. SHOFCO, shirika lililoanzishwa na Kennedy Odede aliyekulia Kibera, lilipitisha mabomba ya maji juu kwenye nguzo, kwa sababu bomba la chini hukatwa na magenge ya wauza maji au huingiwa na majitaka. Wazo hilo halikutoka kwenye kitabu cha uhandisi. Lilitoka kwa mtu aliyewahi kununua maji siku ambayo bei ya mtungi imepandishwa makusudi.

Mwaka 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa iliingia Kibera kwa kishindo, ikajenga vyoo, ikafungua barabara, ikawaajiri vijana wa mtaani. Kwa miezi kadhaa kulikuwa na pesa mifukoni na mitaro iliyosafishwa, na walioona hawakubali kuambiwa kwamba kilikuwa kiini macho. Kisha 2015 ikalipuka kashfa ya shilingi milioni 791 ndani ya huduma hiyo, kazi ikalegea, na baadhi ya vyoo vikabaki na kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko kwa nani. Ukipima miradi yote hiyo midogo, tofauti kati ya inayodumu na inayokufa mara nyingi ni hilo: ufunguo uko kwa nani, na anapata nini kwa kufungua mlango kila alfajiri.

Kuhesabu na kukumbuka

Kwa miaka mingi ilisemwa, ofisini na kwenye magazeti ya dunia, kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mashirika yalishtuka, na wakazi wengi walishuku sensa. Mwaka huohuo vijana wa Map Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao kwa vifaa vya GPS, maana kwenye ramani za wazi za wakati huo Kibera ilikuwa doa tupu. Mahali palipofadhiliwa sana hivyo hapakuwa na idadi ya kuaminika wala ramani, na bado miradi iliendelea kupangwa.

Sisemi kwamba kumbukumbu za wazee ni msahafu. Mzee wa Kinubi anakumbuka ekari zote, lakini huenda amesahau kwamba naye alipangisha vyumba. Mwenye banda anakumbuka mbao alizonunua, si kodi aliyoipandisha. Mpangaji hukumbuka ahadi kuliko masharti yake. Ndiyo maana kumbukumbu zinahitaji kukutanishwa hadharani, kama zilivyokutanishwa kando ya reli, zisahihishane. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni dai. Ya majirani hamsini mbele ya orodha moja ni ushahidi.

Ujenzi ulishaingia Kanda B ya Soweto East, chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, na maghorofa yanazidi kupanda Kawangware. Kabla ya kutandaza ramani nyingine, wahusika waandike daftari la kila ploti: nani aliahidiwa nini hapa, mwaka gani, nani alihesabiwa, nani alipewa ufunguo, na nani analala humo leo. Kawangware daftari hilo liwe na safu ya mpangaji, ambaye hati haimtaji. Kisha orodha ya Kanda A na ya Kanda B zibandikwe ukutani Soweto, majina yasomwe kwa sauti, na atakayesikia jina asilolijua asimame aseme. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mkopo, na afisa yeyote anayedai nyumba hizi ni za watu wa Kibera hana sababu ya kuikataa.